Rodaje ya Kinga Nyekundu

Mtu anayetafuta kazi huamka mapema. Venant aliamka saa tatu, kwa sababu alichokuwa anatafuta ni watu waliokwisha kuamka.

Alivaa koti lake la kijivu, lenye kalamu mbili mfukoni, zote zimekauka wino. Viatu alivipaka rangi upande wa mbele tu, ule unaoonekana na watu anaowaendea. Wale anaowaacha nyuma yeye hakuona sababu ya kuwapakia rangi. Akajiita Ingénieur, jina ambalo hakuna shule iliyompa na hakuna mtu aliyemuuliza, akashuka hadi Kavimvira, mita chache kutoka baryeri ya mpaka, akasimama kati ya wabadilisha feza kama mtu anayesubiri gari lake.

Hapo ndipo Mrundi mmoja, Havyarimana, alipotokea akisukuma kinga, ndilo jina letu la baiskeli.

Tuseme ukweli: Uvira imeona kinga nyingi. Imeona kinga zilizobeba magunia matatu ya muhogo, kinga zisizo na freni, kinga zilizorithiwa na wajukuu. Lakini hii ilikuwa VTT, kinga ya milima, nyekundu kama pilipili. Mipira yake minene kama mkono wa seremala, vitesi, yaani gia, ishirini na moja, na chini ya kiti spiringi kubwa ambayo ukiikalia inakuitikia. Ndugu yake alimtumia kutoka Ulaya, na Havyarimana alichoka kusimamishwa nayo kila kona. Alitaka kuiuza anunue mashine ya kushona. Watu wakajaa.

Ndipo Mahamudi, muuza magodoro, akapita katikati yao na tumbo likiwa mbele. Mahamudi alikuwa amenunua moto mpya, yaani pikipiki, mwezi uliopita, na kila mtu kutoka mpakani hadi Kalundu alijua, maana aliwaeleza wote habari za rodaje: kwamba moto mpya haukimbizwi siku za kwanza, unaendeshwa polepole mpaka vyuma vyake vizoeane. Akainama, akaminya ile spiringi kwa vidole viwili kama munganga, akauliza:

“Ilishafanya rodaje?”

Rodaje! Ya kinga!

Kama mtu mmoja angecheka pale, habari hii ingeishia hapo. Lakini Mahamudi ana tumbo, ana butiki, na ana sauti, na mji wetu una desturi ya siku nyingi ya kutocheka mbele ya tumbo, butiki na sauti. Tulikaa kimya vilevile walipotuambia lami inakuja. Tulikaa kimya walipotuambia maji ya ziwa yatarudi yenyewe. Kukaa kimya kumetugharimu zaidi ya kinga.

Havyarimana akafungua kinywa aulize rodaje gani, lakini sauti laini ilimtangulia kutoka nyuma.

“Bado, mukubwa,” alisema Venant, ambaye ile kinga alikuwa hajaiona hadi dakika hiyo. “Haiyafanya.”

Kabla ya saa sita Venant alikuwa ameinunua kwa feza zake zote. Yalikuwa malipo yake ya kwanza ya haki kwa miaka minne, na yalimuuma hadi kwenye meno.

Saa nane alikuwa amekaa juu ya godoro ndani ya butiki ya Mahamudi, mlango umerudishwa nusu.

“Mukubwa, mbele ya batu minye sikutaka kusema. Pale weye peke yako njo uliona.”

“Niliona,” alisema Mahamudi. Kisha: “Niliona nini?”

“Rodaje. Batu ya hapa wanapanda VTT mupya siku ya kwanza, wanapandisha nayo milima. Spiringi inafunga. Vitesi vinakamatana. Miezi mbili, kinga inakuwa chuma ya kuuzisha kwa kilo.”

Mahamudi alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyelijua jambo hilo toka utoto.

“Sasa sikia. Kinga yenye haiyafanya rodaje, bei yake ni nusu. Ikimaliza, bei inapanda mara mbili. Minye natafuta muntu mumoja tu, wa siri. Analipa sasa ile nusu, minye nafanya rodaje wiki sita, siku ya mwisho anapokea kinga ya bei nzima. Kesho yake akitaka anauzisha.”

“Na weye unapata nini?”

Lilikuwa swali zuri, na Venant huyaheshimu maswali mazuri. Ndiyo maana huyajibu haraka kabla hayajakua.

“Niko na sukari, mukubwa. Munganga amesema nipige kinga kila siku, kama sivyo nakufa. Na sina kinga. Weye unanisaidia afya, minye nakusaidia rodaje.”

Mahamudi akamhurumia. Akamhurumia mpaka akaomba apunguziwe bei, na Venant akapunguza kidogo, kwa kukohoa. Masharti yalikuwa mawili: mwenye kinga asiiguse mpaka siku ya mwisho, maana mkono mgeni unavuruga vyuma, na asimwambie mtu, maana majirani watakimbilia na bei itapanda.

Keshoye maneno yaleyale yalisemwa Mulongwe, kwa Jean-Marie, yule anayekatisha jetoni, tiketi za ushuru, sokoni kila asubuhi. Jean-Marie huwakatisha hata mama aliyetandika nyanya nne juu ya mfuko, na nyanya moja huondoka naye bila jetoni. Aliuliza swali moja tu: “Kuna karatasi ya kuonyesha nimenunua?” Alipoambiwa hakuna, alifurahi sana.

Siku ya tatu ikawa zamu ya Félicité wa Kalundu, mjane, muuza ndakala, wale dagaa wa ziwani, na kiongozi wa kwaya.

“Lakini Ingénieur, minye na hii kitenge nitapandaje kinga?”

“Mama Félicité, hii haiko ya kupanda. Ni ya kuuzisha.”

“Aa. Basi Bwana asifiwe.”

Kinga moja, wenyewe watatu, na kila mmoja anafunga mdomo kwa tamaa yake mwenyewe. Venant hakuhitaji kufuli. Feza zote alizisokota ndani ya mfuko wa plastiki, akang'oa kiti cha kinga, akazisukuma chini ndani ya bomba la kadre, kile kiunzi cha kinga, akarudisha kiti. Chumba alichopanga kilikuwa na funguo tatu na mbili hazikuwa zake. Na feza za simu huacha habari nyuma. Kinga hulala naye, hutoka naye. Wiki sita, halafu mpaka, halafu Bujumbura, ambako mfanyabiashara mmoja, Eugène, alishakubali kwa simu kuinunua VTT ile kwa bei ya kupendeza. Angewauzia watu watatu, kisha angemuuzia wa nne.

Kulikuwa na taabu moja tu. Rodaje lazima ionekane.

Kila siku, basi, Venant alipiga kinga kutoka Kavimvira hadi Kalundu na kurudi, jua likiwa juu yake na vumbi mdomoni. Akifika mbele ya magodoro anapunguza mwendo na kuinua mkono. Mahamudi anatazama saa yake na kutikisa kichwa. Akifika Mulongwe, Jean-Marie anageuka kando na kutabasamu ndani ya kitabu cha jetoni. Akifika Kalundu, Félicité anapiga kelele juu ya ndakala zake: “Polepole, Ingénieur! Chunga spiringi!” Mapaja yakamkaza, usingizi ukawa mzito, akaanza kula sahani mbili. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Venant alikuwa anafanya kazi, na hakuna aliyemwambia.

Na barabara zetu, ambazo haziheshimu mtu, hazikuiheshimu VTT pia. Siku ya tano mpira wa nyuma ulipasuka. Akasukuma hadi Kilibula, kwa Mama Olive.

Mama Olive alikuwa fundi wa kinga chini ya turubai la buluu: karai la maji la kutafutia matundu, kopo la solisyo, gundi ya kubandikia viraka, pampu ya mkono, na benchi ambalo watu wasio na kinga pia hukalia, kwa ajili ya maneno. Venant hakumkumbuka. Yeye Olive alikuwa ameinamia mnyororo wa mteja, na aliposikia tu ile sauti laini ikisema “Habari ya kazi, mama yangu,” mikono yake ikasimama. Hakuinua kichwa.

Miaka saba kabla ya hapo, sauti hiyohiyo, ikiwa imevaa tai, ilikuja kwa mafundi kumi na wawili wa kinga. Ilijiita Prezida wa Koperative. Ilisema kuna kompresa, mashine inayopiga hewa yenyewe, fundi anakaa tu na kushika bomba; kila fundi atoe sehemu yake. Wakatoa. Olive alitoa feza za shule za binti yake Jolie, na Jolie akapoteza mwaka mzima nyumbani. Prezida akaenda Bukavu kuagiza mashine, na hakurudi. Kila fundi alibaki na risiti yenye majina yote kumi na mawili na muhuri, na mmoja wao alipoutazama muhuri vizuri akakuta ni wa hoteli.

Kuna watu wanaosema kwamba masikini husahau. Wanasema hivyo kwa sababu wanategemea iwe hivyo. Risiti ya Olive ilikuwa bado ndani ya kopo la viraka, chini kabisa, na kila anapoziba tundu huipitishia kidole.

“Mupira umekufa,” alisema. “Nikuwekee ya kweli ao ya bei ndogo?”

“Ya bei ndogo, mama.”

“Na kazi ya mikono?”

Venant akatazama benchi lililojaa, akaona nafasi ya kuwa mtu mkubwa bila kutoa kitu. Pale Kilibula ni jambo linalojulikana: ukikosa feza ya kazi, unamwachia fundi kile kipande kibovu, na kikishabaki kwake ni chake, hakuna kurudi kuuliza.

“Bakia na mupira ya zamani,” alisema. Kisha akapandisha sauti. “Zaidi ya hapo! Kila kipande kitatoka mu kinga hii, kuanzia leo, kibakie kwa Mama Olive! Batu ya benchi, munasikia? Minye Ingénieur Venant nimesema!”

“Tumesikia,” lilisema benchi.

“Aksanti, Ingénieur,” alisema Olive, kwa upole uliowashangaza wanaomfahamu.

Venant alipoondoka, Olive aliuchukua ule mpira uliokufa, akaushona kwa uzi wa nyavu za wavuvi, akaweka kiraka ndani na kiraka juu ya kiraka. Ukafufuka. Akautundika kwenye msumari ndani ya nyumba.

Wiki ya pili ilikuwa mnyororo. Ya kweli ao ya bei ndogo? Bei ndogo. Venant akaondoka na mnyororo uliounganishwa kutoka minyororo miwili isiyopendana, na ule wa zamani ukalala siku mbili ndani ya petroli, ukatoka unang'aa. Halafu ile mashine ndogo ya kuhamisha vitesi, iliyopinda; Olive aliinyoosha kwa kipande cha mti na subira. Halafu freni: Venant aliwekewa vipande vilivyochongwa kutoka kwenye kandambili, tena ya mguu wa kushoto tu. Halafu pedali, halafu gidoni, ule usukani, halafu magurudumu. Spiringi ilipoanza kulia aliwekewa nyingine, iliyotoka ndani ya kiti cha sofa, na kila akikaa juu yake ilimwinua kidogo kama kumkaribisha mgeni.

Kila mara Olive aliuliza. Kila mara Venant alijibu bei ndogo, na kila mara alienda zake akicheka kwamba anamlipa fundi kwa takataka.

Kinga ikaanza kutoa sauti. Ililia kama mlango, ikapiga kama sufuria, na penye mashimo ilikohoa.

“Ni nini hiyo makelele?” aliuliza Mahamudi barazani.

“Vyuma vinazoeana, mukubwa!”

“Aa! Njo vile hata moto yangu ilifanya!”

Lakini mwenye mali hana amani. Siku moja Mahamudi alikuja chini ya turubai la buluu na moto usio na shida yoyote, akaomba apigiwe hewa, akamnong'oneza Olive: “Mama, ile kinga nyekundu… weye fundi, rodaje yake iko fasi gani?” Olive alidhani amesikia vibaya. Akajibu tu, “Inaendelea.” Siku mbili baadaye akaja Jean-Marie, anatazama nyuma yake kama mwizi, na swali lilelile. “Inaendelea.” Alipokuja Félicité na bakuli la ndakala za zawadi, na kuuliza kama rodaje inaruhusiwa siku ya Bwana, Olive alielewa yote kwa mara moja. Alicheka mpaka pampu ikamponyoka. Benchi likauliza nini, hakusema.

Halafu akaacha kucheka. Akatia kidole ndani ya kopo la viraka.

Kuna jambo jingine alikuwa ameliona. Venant alimwachia gidoni, magurudumu, pedali, kila kitu. Lakini Olive akikaribia kiti, mkono wa Venant hufika kwanza. “Hapa hapana shida, mama.” Mtu anayelinda kiti kuliko freni hakilindi kiti. Na wakati wa kugeuza kinga juu chini, ndani ya bomba kulikuwa na kitu kinachotambaa: shwii.

Jioni ile alituma neno moja kwenda sehemu tatu: Ijumaa, saa ine ya asubuhi, rodaje inakwisha. Kuja peke yako.

Ijumaa hiyohiyo Venant alikuwa ameichagua kwa safari, na chini ya turubai walikuwa wamemsikia akiitaja kwenye simu. Wenye kinga alikuwa amewaambia Jumapili. Koti lilikuwa limepigwa pasi, Eugène alikuwa anasubiri ng'ambo, na pedali ya kulia, ambayo Olive mwenyewe aliifunga juzi yake, ikaamua kulegea Kilibula, dakika ishirini tu kutoka mpakani.

“Kaza hii haraka, Mama Olive. Niko na safari.”

Olive alikaza. Kisha akainama karibu na kiti, akapitisha kidole, akasema pole pole, “Mungu wangu. Ingénieur. Kadre iko na ufa.”

Venant akainama. Kweli. Chini kidogo ya kiti, kwenye rangi nyekundu, palikuwa na mstari mweusi, mwembamba, unaozunguka bomba.

“Itafika mpakani,” alisema.

“Itafika. Weye njo hautafika. Kadre ikikatika hapa, hii bomba inaingia…” Akaonyesha kwa mkono inapoingia. Benchi zima likakunja miguu.

“Minye na…” alianza Venant, na hapo sauti ya moto ikazima nyuma yake. Mahamudi. Na kwa miguu, kutoka upande wa soko, Jean-Marie, kitabu cha jetoni kwapani. Na kutoka upande wa ziwa, akivuta pumzi, Félicité na mwavuli.

Watatu wakasalimiana bila furaha, kila mmoja akijiuliza wawili wale wamefuata nini. Olive akarudia kwa sauti ya kutosha: “Nasema kadre iko na ufa. Niko na ingine hapa, ya chuma, nilishaipaka rangi nyekundu. Nibadilishe?”

“Hapana!” alisema Venant.

Mahamudi akamfikia sikio la kulia. “Unataka niuzishe kinga ya ufa? Badilisha.”

Jean-Marie akamfikia sikio la kushoto. “Ingénieur, kadre yangu. Badilisha, ao nakukatisha jetoni mpaka ya koti.”

Félicité, ambaye hakubakiziwa sikio, akamvuta kola. “Badilisha, mwanangu. Niliota ndoto.”

Kila mmoja alijiona ndiye peke yake anayenong'ona. Venant akatazama lile bomba lenye wiki sita za jasho lake na feza zote za dunia yake, na juu ya benchi macho kumi na manne. Angesema nini? Ngojeni kwanza nitoe mfuko?

“Badilisha,” alisema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Olive alifanya kazi kwa dakika arobaini, na haijawahi kuonekana kazi safi hivyo. Alipong'oa kiti, Venant alisogea. Olive akaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa. “Vumbi isiingie,” alisema. Kadre ya VTT ikatundikwa juu ya msumari, juu kabisa.

“Ile ya zamani,” alisema Venant, akilamba midomo, “nitaibeba. Kumbukumbu.”

“Aaa!” lilisema benchi, kwa pamoja kuliko kwaya ya Félicité. “Kila kipande kitatoka mu kinga hii!”

“Nili…”

“Batu ya benchi, munasikia? Minye Ingénieur Venant nimesema!” Mzee mmoja alimwigiza hadi ule mkono ulioinuliwa.

Nitarudi mchana wakiondoka, aliwaza Venant. Lakini Mahamudi alikuwa ameshachoka kuficha furaha. Akaweka mkono juu ya gidoni.

“Basi, rodaje imeisha. Napeleka.”

“Unapeleka nini?” aliuliza Jean-Marie, na mkono wake ukashika kiti.

“Kinga yangu.”

“Yako? Weye tajiri wa magodoro, toa mukono.”

“Wanaume, muogope Mungu,” alisema Félicité, naye ameshika kibebeo. “Hii kinga ilinunuliwa na mujane.”

Vichwa vitatu vikageuka polepole.

Venant hakungoja vifike. Aliiponyoa kinga mikononi mwao, akarukia juu, spiringi ya sofa ikamrusha nusu mita, akashuka Kilibula kuelekea ziwani kama jiwe. Mwanzoni ilienda vizuri. Kisha mnyororo ukakumbuka kwamba ni minyororo miwili, na kila mmoja ukaenda kwao. Akakamata freni, kandambili ya kushoto ikatoka, ikaruka juu, ikabaki barabarani kama inayomtafuta mwenzake. Pedali ya kulia ikaaga. Bei ndogo, bei ndogo, bei ndogo, yote aliyoyachagua kwa mdomo wake yalimwacha moja moja, mamotari, wale waendesha moto, wakimpisha na kupiga honi, hadi barabara ilipokwisha mbele yake na pakatokea ufuo, na juu ya ufuo mikeka kumi ya ndakala zinazoanikwa juani.

Mikeka ile ilikuwa ya nani? Félicité alikuwa anakuja mbio nyuma na mwavuli.

“Ndakala yangu!” alipiga kelele. “Kinga yangu! Mungu wangu!” Kwa mpangilio huo.

Walimtoa akiwa amevaa ndakala kama magamba. Jean-Marie akasema twende polisi. Mahamudi akasema twende. Wakaenda hatua kumi, Mahamudi akasimama.

“Tukifika, tutasema nini?”

“Tutasema alitukula feza. Juu ya… rodaje.”

“Ya kinga?”

Ilikuwa mara ya kwanza neno lile kuandaliwa kwa masikio ya polisi, na lilisikika jinsi lilivyo. Wakarudi Kilibula, wakimsukuma Venant mbele, naye akisukuma kilichobaki cha kinga.

Olive alikuwa amekwisha kuishusha kadre. Akatia kitambaa ndani ya petroli, akapangusa ule ufa, na ufa ukatoka: ulikuwa unywele mmoja wa meshi zake, nywele za kusukia, ulionata kwa solisyo. Kisha akaingiza waya ndani ya bomba, akavuta. Shwii. Mfuko wa plastiki ukaanguka mbele ya miguu ya watu wote.

Olive akafungua kopo la viraka, akatoa risiti, akaisoma jina la fundi mpaka jina la fundi, wote kumi na wawili, pamoja na mmoja aliyekwisha kufa bado anapiga pampu. Na muhuri. “Hoteli,” alisema. “Prezida, hukunikumbuka? Minye nilikukumbuka ukiwa bado hujamaliza kusalimia.”

Venant alifungua kinywa. Ndakala moja ikatoka.

“Kadre ni ya nani?” Olive aliuliza benchi.

“Yako!”

“Na yenye iko ndani ya kadre?”

“Yako!”

“Ngoja kidogo,” alisema Jean-Marie. “Kuna sheria.”

“Sawa. Leta sheria, baba. Itatuuliza sisi wote. Itaniuliza minye juu ya unywele. Halafu itakuuliza weye, mukatisha jetoni, ulipata wapi feza ya kununua VTT.”

Jean-Marie akakifunga kitabu chake. Inasemekana tangu siku ile mama wa nyanya nne anauza nyanya nne.

Kompresa ilifika baada ya miaka saba na wiki mbili. Ni ya mafundi kumi na mmoja na mjane wa yule wa kumi na mbili, na ukipita Kilibula utaisikia kabla ya kuiona. Wale watatu nao hawakutoka bure: Olive aliwapa hewa ya bure maisha yao yote.

“Hewa?” alisema Mahamudi.

“Mpaka kufa.”

“Mipira yote mbili ya moto?”

“Yote mbili.”

Félicité, ambaye hakuwa na kinga wala moto, aliomba yake ihamishiwe kwaya, ikakubaliwa. Lakini ukimkuta Mahamudi barazani na kumuuliza habari za kinga yake, atakutazama kwa macho makali na kusema iko mu rodaje.

VTT yenyewe, ya kweli, ilishuka kutoka misumarini, kipande kwa kipande. Jolie huipanda kwenda shule. Aliipandisha mlima siku ya kwanza.

Juzi hapa, saa tano ya mchana, mtu mmoja alikuja chini ya turubai la buluu, anasukuma kinga nyekundu yenye spiringi ya sofa na gunia la muhogo nyuma. Watu humwita Rodaje siku hizi, na hubeba mizigo, kwa sababu wiki sita zile zilimwachia mapaja na hazikumwachia kitu kingine. Mpira wa mbele ulikuwa umelala. Alivua kofia.

“Mama Olive. Naomba hewa kidogo tu.”

Olive akanyoosha mkono, akashika bomba la kompresa, akamtazama kuanzia viatu.

“Ingénieur,” alisema. “Nikuwekee ya kweli ao ya bei ndogo?”